Gauni jeupe kapewa Saada

Jamani, leo nimeona wivu mpaka nikajiogopa.

Bibi wa Kiingereza ninayemhudumia huku Harrow ana gauni jeupe la marehemu mama yake, la kabla ya Vita vya Kwanza. Jepesi kama ganda la kitunguu. Vitobo vyake vyote vimezungushiwa uzi kwa mkono, kama kofia anazoshona mama yangu Unguja.

Miaka mitatu nalifua mimi, nalipiga pasi mimi.

Leo kampa mwenzangu Saada, anayekuja Jumamosi tu!

"Wewe mwembamba, litakukaa," kamwambia.

Saada akalivaa palepale. Kuinua mikono tu, tukasikia lesi ya begani inachanika.

Na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi.

Saada machozi yanamtoka. "Dada, nakuomba, utaweza kulishona?"

Nikasema siwezi.

Bibi akanitazama. Anajua kama naweza.

Nikaona haya, nikaomba sindano. Saa mbili nzima nimeinama, na sasa hutajua palipochanika.

Saada kaondoka nalo. Limempendeza, na roho bado inaniuma.

Semeni kweli, nyie mngelishona?