Fundi aliyefunika marumaru zake ili mkewe arudi

Saa mbili asubuhi fundi amepiga magoti katikati ya chumba kitupu, kisu cha kukatia zulia mkononi, akifunika sakafu aliyoiweka mwenyewe. Ni marumaru za rangi ya mchanga, zimenyooka hadi ukutani, hakuna hata moja iliyoinua kichwa. Anazipitishia kiganja, kisha anavuta zulia.

"Roho inauma," anasema, akijichekesha. "Lakini ukipenda boga, penda na ua lake."

Wenzake kazini humwita Pimamaji, kwa kuwa hata akialikwa chai hukagua kwanza kama meza imekaa sawa. Ana miaka arobaini na sita, na karibu nusu ya hiyo ameimaliza akipendezesha sakafu za watu. Hii ya nyumba ya ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko, ndiyo ya kwanza kuwa yake. Waliinunua kwa jasho lake na la mkewe, ambaye kwa mwaka wa tano sasa anafanya kazi za ndani ng'ambo.

Nia yao ni kupangisha kwa wageni wa siku mbili tatu. Kipato kikitulia, mkewe arudi nyumbani.

"Tulidhani ukishapewa ufunguo umemaliza," anasema. "Kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua."

Halmashauri ilitaka kibali cha biashara, kizimamoto, ukaguzi wa vyumba na ridhaa ya kila jirani jengoni. Rafiki yake alimshauri apangishe kimyakimya, nani atajua? Akakataa. "Wakija kufunga mlango, mke wangu nitamwambia nini? Kwamba miaka yake yote imeliwa na kufuli?"

Majirani waliridhia, isipokuwa mmoja: muuguzi wa zamu za usiku anayeishi chini yake.

"Kaka, sina ubaya na wewe," alimwambia mlangoni, macho mekundu kwa usingizi. "Mimi nalala mchana. Ulipokuwa unaburuta ndoo zako huko juu, ni kama ulikuwa unaziburuta kichwani mwangu. Sasa uniletee wageni na mabegi ya magurudumu?"

Fundi alipanda ngazi amenuna. Jioni mkewe alipopiga simu, alimmwagia yote akingoja kuungwa mkono.

"Mwenzangu," mkewe akasema, "huku nalala pembeni ya jiko la watu. Wao wakiamka, nami nimeamka, nitake nisitake. Usimfanyie mwenzio hivyo."

Kesho yake Pimamaji aliazima begi, akalijaza vipande vya marumaru, akamwomba muuguzi asikilize kutoka chini. Akaliburuta juu ya kipande cha zulia alichotandika kwa majaribio.

"Bado nasikia!" muuguzi akapaza sauti.

Akaongeza sponji nene chini ya zulia, akaburuta tena. Kimya. Alipochungulia ngazini, muuguzi alikuwa anacheka. "Haya, kaka. Ila wageni waingie jioni, nikishaamka." Sharti hilo likaingizwa kwenye kibali, kilichotoka juma lililopita kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Kilichokuwa kigumu ni kumweleza mkewe kuhusu sakafu. Rangi ile aliichagua yeye, kwa picha, na hajawahi kuikanyaga.

"Alivuta pumzi tu," fundi anasema. "Akaniambia, 'Basi, zitanisubiri.' Nikakata simu, nikakaa hapa chini kama mtoto aliyenyang'anywa."

Sasa maombi ya wageni yameanza kuingia. Lakini siku kumi za kwanza ameshazifunga: ni likizo ya mkewe, ya kwanza tangu aondoke.

"Nitampokea begi pale mlangoni, nimchemshie maji ya kuoga, nimtandikie kitanda. Miaka yote hii anatandika vya watu. Humu hatashika hata kikombe."

Anatazama dirisha, lililo wazi.

"Siku ya kumi ikifika, namwomba Mungu maombi ya wageni yawe yametosha kutulisha. Sitaki kumshushia begi lile ngazini arudi ng'ambo."