Mikongo Minne ya Sijaona

Watu wa Mtawanya wanamjua Sijaona Kibwana kwa ming'oko, vile viazi vya porini anavyochimba. Ni mjane wa miaka sitini na miwili, na msitu wa nyuma ya kijiji anautembea kama ua wa nyumba yake. Huisemesha miti akiwa anachimba, majirani walishazoea.

Mwaka juzi alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Salima, akitafuta laikeni, yale madoa makavu yanayoota kwenye magome ya miti. Aina aliyoitaka iliwahi kuonekana mara moja tu huku, zamani sana. Alizunguka siku tatu na kioo chake cha kukuzia, akaambulia kupe.

Sijaona alimkuta njiani akijikuna miguu. Akamcheka, kisha akaomba kuiona picha ya doa analolitafuta.

"Hili ukilikwangua, chini yake si njano kama binzari?"

Salima akainuka. "Umejuaje, mama?"

"Naegemea miti nikipumzika. Kanga zangu zote zina njano hiyo mgongoni."

Akampeleka korongoni, kwenye mikongo minne, miti mikubwa ya mbao, mahali pasipofikiwa na jua. Salima akakwangua doa moja, akadondosha dawa yake, na ile njano ikageuka nyekundu kama damu. Akapiga kelele ya furaha. Alipotoa kisu, Sijaona akamshika mkono.

"Chukua kama ukucha tu, mwanangu. Sijaliona kwingine."

Shida ni kwamba mikongo yote minne ilishapakwa rangi ya alama, ikatwe mbao. Sijaona akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake Mrisho, mwenyekiti wa kamati ya msitu, kumwomba miti iachwe.

"Shemeji, niache mbao kwa ajili ya ukurutu?" Mrisho akauliza.

"Njoo uutazame kwanza huo ukurutu."

Mrisho hakwenda. Sijaona akamnunia wiki mbili, hata ming'oko hakumpelekea. Mwishowe Mrisho mwenyewe akamfuata Salima, akashuka naye korongoni, akachungulia kwenye kioo muda mrefu. Kesho yake kamati ikakaa, ikaamua miti iachwe. Lakini mmoja ulikuwa umeshaangushwa asubuhi ile. Sijaona aliketi juu ya gogo lake mpaka adhuhuri, akilipapasa.

Baada ya miezi mitano Salima akapiga simu: wataalamu wamelinganisha, ndiyo yenyewe. Kipande kimehifadhiwa, na kwenye karatasi yake ameandika aliyekigundua: Sijaona Kibwana.

"Hebu rudia," Sijaona akasema. Salima akarudia. Sijaona akacheka.

"Na Mrisho naye muandike chini, mwanangu. Asije akanuna."