Sato Aliyenifanya Nikatize Sala

Leo nacheka, lakini mjue kwamba kuna siku ilibaki kidogo sana nikose mke kwa sababu ya samaki, na siku ile sikucheka hata chembe. Nawasimulia mwenyewe kwa kuwa mke wangu Kemilembe ameapa kwamba nisipowasimulia atawasimulia yeye, na yeye huongeza chumvi (ingawa kwa hili, kwa kweli, chumvi haihitajiki).

Wakati huo nilikuwa kapera, mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huku Kyerwa (ndiyo, wa sayansi, na hapo ndipo aibu inapozidi), na nilikuwa nimeshajitambulisha kwa kina Kemilembe kule Nyaishozi. Baba yake akaridhika, mama yake akaridhika, likabaki neno la shangazi. Sasa kwetu shangazi si mtu wa kupuuza, wote wanaweza kukubali na ndoa imeshanukia, lakini shangazi akikunja uso tu mmerudi mwanzo. Huyu aliitwa Ma Leokadia, mama mfupi mwenye macho yasiyopepesa, na akatuma ujumbe kwamba Ijumaa atakuja kwangu pamoja na baba mdogo wa Kemilembe, aone kijana anaishi vipi.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya Kwaresima. Nyama hakuna, kuku hakuna, na wageni ni Wakatoliki wa kuamka na rozari, kwa hiyo ikabidi iwe samaki. Ningeweza kumwomba jirani anipikie, lakini nilikuwa nimeshajitapa kwa Kemilembe kwamba nitapika kwa mikono yangu ili shangazi ajue binti yao haji kuteseka.

"Wewe?" akaniuliza.

"Mimi," nikamjibu, na nilivyolitamka hilo "mimi" ungedhani nimezaliwa ziwani.

Basi Alhamisi mchana nikapita soko la Nkwenda kwa Mzee Shomari, muuza samaki ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye sijawahi kusikia amemdanganya mteja. Pale mezani alikuwepo sato mmoja mkubwa, mnene, yaani nikimtazama namwona shangazi anatabasamu. Mzee Shomari akaniambia ukweli mtupu: "Mwalimu, huyu ni wa kula leo. Amelala hapa tangu jana. Kama mgeni wako ni wa kesho, nikuwekee mwingine, gari la Bukoba linafika saa moja asubuhi."

Saa moja asubuhi mimi niko paredi na wanafunzi. Tena nani alijua kama kesho ataletwa mkubwa kama yule? Nikasema nipe huyo huyo, na mwenzake mdogo. Akaniambia basi angalau nichukue barafu. Nikaangalia barafu inavyodondosha maji, nikaangalia shati langu jeupe na bodaboda inayonisubiri, nikamjibu kwa sauti ili watu wasikie, "Mzee wangu, baridi yote hii ya kwetu, barafu ya nini tena?" Watu wakacheka, nami nikafurahi kuchekwa hivyo. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mfunue mashavu kwanza, uone kama mekundu." Jamani, mimi na tai yangu, niingize vidole kwenye mashavu ya samaki mbele ya wazazi? Nikalipa nikaondoka.

Nyumbani sina jokofu, lakini nilikuwa na majani ya mgomba, na nilikumbuka marehemu bibi yangu alikuwa akifunga nyama kwenye majani ikalala mpaka kesho yake bila tatizo (nilichosahau ni kwamba nyama ya bibi ilikuwa imeshakaushwa kwa moshi siku mbili juu ya mafiga). Nikawafunga sato wangu vizuri kabisa, nikawalaza pembeni ya mtungi wa maji. Sikuwatoa utumbo, maana nilijiambia nikiwapasua mapema utamu utatoka.

Ijumaa nikaomba ruhusa, saa nne niko jikoni. Nikafungua majani. Macho ya yule mkubwa yalikuwa meupe yamezama ndani, tumbo limejaa, nikimbonyeza kidole kinaacha shimo, na harufu ndiyo usiseme. Lakini mtu akiwa na shida hujidanganya kwa bidii, nikajiambia samaki ni samaki, ulitaka anukie waridi? Nikawapasua, nikawakamulia ndimu sita, tangawizi, vitunguu saumu, nikawafunga kwenye majani mapya na kuwaweka juu ya ndizi ndani ya sufuria ili vyote viive kwa mvuke mmoja. Kibao kile kile na kisu kile kile nikavifuta kwa kitambaa, nikakatia kachumbari.

Saa saba wageni wakafika, Kemilembe akiwa nyuma yao amependeza kiasi cha kunisahaulisha kila kitu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, waitu," akaitikia, yaani wa kwetu. Akasimama mlangoni kidogo, akavuta pumzi, akaingia. Nikawapa kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi, tukaongea habari za mvua na maharage, kisha nikaleta chakula, fungu kubwa la majani nikaliweka mbele ya shangazi alifungue yeye kama mgeni wa heshima. Baba mdogo akasimama kusali.

Huyu mzee akisali hasali kidogo. Alianza na mvua, akaenda kwa wagonjwa, akapita kwa walio safarini, na wakati huo wote ule mvuke unapanda kutoka kwenye majani, na ndimu zangu sita sijui zilikuwa zimekwenda wapi. Nzi wakaja, kwanza mmoja, halafu na ukoo wake. Nikafumbua jicho, nikamwona Kemilembe amefumba macho na anatabasamu, ananiamini kabisa. Hapo likanijia somo nililofundisha darasa la tano Jumatatu ya wiki ile ile, kuhusu sumu kwenye chakula, niliandika ubaoni mwenyewe kwa chaki: kutapika, kuhara, hata kifo. Baba mdogo akashusha sauti, nikajua anakaribia mwisho. Nikipiga kelele, mke sina. Nikinyamaza, huenda nikawazika wakwe.

"Msile!"

Sijui ilitokaje. Baba mdogo alikata sala katikati akafumbua jicho moja. Nikasimama pale, nikawaambia yote, kwamba samaki alinunuliwa jana akiwa tayari wa juzi, nilikataa barafu, nilimlaza na utumbo wake, na nadhani ameharibika na naogopa kuwadhuru. Kemilembe akainamisha uso. Nilitamani sakafu inimeze.

Shangazi akafungua majani, akagusa nyama kwa kidole, ikaachana na mifupa yenyewe. Akayafunika tena taratibu.

"Huyu marehemu," akauliza, "hakuwa na ndugu wa kumzika mapema?"

"Amina," akasema baba mdogo, akaketi.

Nikafikiri yameisha, kumbe ndiyo kwanza. Shangazi akauliza, kachumbari nimekatia wapi? Kibao hicho hicho. Kisu je? Kile kile. "Kachumbari nayo iende." Na ndizi? Nikaeleza kwamba samaki alikuwa juu, ndizi chini. "Maji yake yamezidondokea. Ziende." Kwa hiyo chakula chote cha ukwe wangu kikaenda, na baba mdogo akavua koti, tukachimba shimo mgombani, shangazi amesimama juu yetu anasema chimbeni zaidi, mbwa watafukua.

Wakati tunachimba ndipo nikajua kwamba kabla ya kuolewa shangazi alikuwa muuza samaki mwaloni Kemondo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, miaka kumi na moja. Akanipa darasa huku mimi nina jembe: "Macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu, umbonyeze arudi mwenyewe, na ukimnusa unuse ziwa, si jalala. Ukifika nyumbani toa utumbo saa hiyo hiyo, osha, weka barafu, na kama barafu hakuna mpike siku hiyo. Wanasema samaki huozea kichwani, waongo hao, huanzia tumboni. Na kibao ukioshe kwa sabuni na maji ya moto, si kwa hicho kitambaa chako. Halafu usinidanganye na ndimu, moto na ndimu havimfufui aliyekwisha kuoza."

Tukala maparachichi na ndizi mbivu, basi. Hakuna aliyeumwa, na nilivyowatazama wanamenya ndizi wakiwa wazima nilisikia kifua kinafunguka kabisa, hata kama posa ndiyo ilikuwa imekwenda shimoni na sato.

Jioni nikawasindikiza mpaka barabarani. Shangazi akanivuta pembeni. "Harufu niliipata pale pale mlangoni," akasema.

"Sasa shangazi, mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione kama utaniacha nile." Kisha akamgeukia Kemilembe akamwambia, "Kupika atafundishwa."

Tukaoana mwaka huo huo. Nimeapa sitanunua tena samaki kwa kuona haya, na siku hizi natupa tai begani, nafunua mashavu mbele ya wazazi wote wa Nkwenda, nanusa hadharani, na Mzee Shomari huniwekea barafu bila kuniuliza. Adhabu yangu imebaki moja tu. Baba mdogo akija kwetu na kuombwa abariki chakula, akikaribia "Amina" husita kwanza, hufumbua jicho moja, akanitazama, akasubiri niitikie kwa kichwa ndipo amalizie.