Gavana Mwenye Utata

Juzi asubuhi, kwenye treni ya kutoka kitongoji chetu cha Bredäng, mama mmoja Mkongo alikuwa akimalizia kumsuka binti yake. Binti alikuwa akimsomea kwa Kiswidi insha ambayo angeiwasilisha darasani baada ya nusu saa.

"Mvumbuzi huyu aligundua ziwa, kisha akawa gavana huko Kongo. Ni mtu mwenye utata."

Mama akasimamisha mikono. "Utata gani?"

"Alichoma vijiji."

"Weye ukiunguza wali, nakuitaga mwenye utata?"

Niligeukia dirishani nisicheke.

"Unaniita mzembe," binti akajibu. "Lakini mama, mwalimu anataka maneno ya upole. Atanipunguzia alama."

"Apunguze. Waliochomewa ni babu zako."

Binti akaisoma tena karatasi yake. Kisha akatoa kalamu, akakata ile sentensi ya mwisho na kuandika juu yake: "Alichoma vijiji."

Mimi wiki iliyopita nilichelewa dakika kumi kutoa nguo kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, majirani wakanibandikia mlangoni karatasi kali ya lawama. Niliisoma mara mbili. Hakuna mahali waliponiita mwenye utata.