Alinikaba shingo, nikajihami kwa mchi, mtuhumiwa nikawa mie

Asalaam alaykum wakuu, na wasio Waislamu habari zenu pia.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Unguja. Sijatia chumvi, Wallahi. Majina tu nimeyaacha, maana mji wetu mdogo na watu wana macho.

Mie nimeolewa na mtoto wa mama mkubwa. Yaani mama yangu na mama yake ni ndugu wa tumbo moja. Tulikuwa tunakaa Jang'ombe. Kupigwa nshapigwa sana, na kila nikisema naambiwa hayo ya ndani, yamalizeni ndani.

Ijumaa moja karudi msikitini, mie nipo jikoni natwanga thomu, kitunguu saumu. Kachukua simu yangu, kakuta nimebadilisha namba ya siri. Hakuuliza. Kanikaba shingo kwa mikono miwili, kanibana ukutani.

Wakuu, ukikabwa hupigi kelele. Sauti haitoki. Niliona kiza, nikajua ndiyo nakufa, na mwanangu anayenyonya kalala chumbani.

Mchi ulikuwa mkononi. Nikampiga nao kichwani, akaniachia.

Damu, jamani! Yeye mbio hospitali na polisi. Mie nikambeba mwanangu nikakimbilia kwa mama, Mtoni.

Sasa hapa ndipo wanawake wa kwetu tunapojimaliza wenyewe.

Mama kuniona shingo imevimba, vidole vimejichora, alilia. Kisha akafunga mlango. "Usionekane na mtu hivyo, mwanangu. Watasema nini?"

Akachemsha maji ya chumvi, akanikanda. Akanipaka mafuta ya karafuu, akanikanda tena. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Mtaani wanawake wakijifungua anaitwa yeye kuwakanda, mkono wake unajulikana. Alama zikaenda zao.

Zilipokwisha tu, polisi wakaja kunichukua. Eti shambulio la kudhuru mwili!

Kituoni namkuta mume wangu na bendeji kichwani, mama mkubwa pembeni ananitazama kama hanijui. Mume kaandikisha kwamba nilimvizia amekaa anasubiri chakula, kwa wivu. Mie na wivu, kwa jitu lile!

Askari mwanamke akaniambia nivue mtandio. Akaiangalia shingo huku na huku.

"Mwenzako ana nyuzi. Wewe sioni kitu."

Nikamwambia nilikuwa najihami.

"Kila anayeletwa hapa alikuwa anajihami, bibi."

Akasema nitalala ndani. Mama mkubwa hapo hapo akanyoosha mikono: "Mtoto nipeni mie, damu yetu huyo." Nikakaa chini sakafuni na mwanangu nimemng'ang'ania.

Mama alikuwa kwenye benchi, hajafungua mdomo tangu tufike. Nilijua kinachomkaba. Yule ni dada yake, ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Akisema, udugu umekwisha. Nilimwangalia, akainamisha kichwa. Nikasema basi, ndiyo imetoka hiyo.

Akasimama.

"Alama zilikuwepo," akamwambia askari. "Vidole vyote. Nimezitoa mie kwa mikono yangu hii, nikidhani namsitiri. Andika, mwanangu."

Mama mkubwa akapiga ukelele: "Weye! Unamuuza mtoto wangu?"

Mama akamjibu taratibu, "Dada, mie nilikuwa namuuza wangu."

Askari akanitazama upya. Akauliza kama sauti yangu siku zote inakwaruza vile. Nikasema hapana, tangu siku ile. Nikapelekwa hospitali, daktari akakuta koo bado limeumia kwa ndani. Sikulala lokapu, mama alinidhamini. Baadaye kesi yangu ikafutwa, na sasa anayepanda kizimbani ni yeye aliyenikaba.

Dada zangu, ukipigwa usioge, usikandwe, usipakwe kitu. Nenda polisi wakupe PF3, ile fomu ya matibabu, kisha hospitali, na alama zako hivyo hivyo. Umezidiwa, anza hospitali. Mama atakukanda ukirudi. Na ukijihami, wahi kusema, maana anayefika mwanzo ndiye anayeaminiwa.

Idi iliyopita mama alipika biriani la watu wengi kama kawaida, akatandika mkeka, akasema tusubiri kidogo, labda dada atakuja. Tulisubiri mpaka chakula kikapoa. Akasema, "Haya, kuleni," akaingia chumbani.

Sijui nimwambie nini. Aliyewahi kumpoteza ndugu kwa kusema kweli, karibu aandike hapa chini. Nitamsomea mama mwenyewe.