Mguu wa Fuseini na Mvua ya Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, wingu jeusi limekaa upande wa mji wa Yendi, kaskazini mwa Ghana. Mama Sanatu Neindow anakanda paja la mgonjwa kwa mafuta ya shea.

"Tangu nianze kazi hii, hakuna mfupa ulionishinda," anasema. Anajaribu kuinuka, goti linamrudisha kigodani. "Isipokuwa huu wangu. Na kichwa cha marehemu mume wangu, maana nacho ni mfupa."

Mama Sanatu, miaka 63, ni mganga wa mifupa, kazi aliyorithi kwa baba yake. Hahitaji redio kujua hali ya hewa. Upepo wa vumbi wa Januari humletea vichwa vilivyopasuka na mitulinga ya mabega iliyovunjika, ya watu waliogongana bila kuonana. Joto la Machi hupasua matairi. Lakini anachokiogopa ni mvua ya kwanza.

"Mvua kubwa watu huikimbia," anasema. "Hii ndogo ndiyo inayoua. Vumbi na oili ya miezi mitano vimelala juu ya lami. Ikiguswa na maji kidogo, barabara inakuwa mlenda."

Mwaka jana, siku ya mvua hiyo, aliletewa watu saba kabla ya adhuhuri. Wa saba alikuwa Wumbei, mgonjwa wake wa zamani, aliyeomba afunguliwe mabanzi, vijiti vinavyoshikilia mfupa, wiki mbili kabla ya wakati. Pikipiki ilipoteleza, mguu haukuweza kumhimili. Walimzika alasiri ile ile.

"Aliniambia amepona. Nikauamini mdomo wake."

Tangu hapo anamwamini kuku tu. Ni desturi ya zamani: mgonjwa huja na kuku, na kuku huyo huvunjwa mguu, akapakwa dawa ile ile na kufungwa mabanzi. Kuku akitembea, mgonjwa anafunguliwa.

Fuseini, huyu anayekandwa sasa, mwendesha bodaboda mwenye watoto watatu, alileta jogoo mwekundu wiki tatu zilizopita.

Mama Sanatu anataka kujenga banda la nyasi pale kwenye kona ya barabara, waendeshaji wajisitiri hadi mvua ya kwanza ioshe lami. "Namwomba Mungu mwaka huu nikose kazi," anasema.

Fuseini anakohoa. Leo ni siku ya soko na abiria wanamngoja.

"Mama, nifungue. Kuku wangu anatembea tangu jana. Yule pale."

Kweli, kuku mwekundu anakatiza ua kwa maringo, akaingia katika tenga la majani makavu. Mama Sanatu anamtazama kwa muda mrefu. Kisha anatazama wingu.

"Huyo ndiye uliyeniletea?"

"Ndiye, Mama. Wallahi."

Mama Sanatu anaendelea kukanda. Matone ya kwanza yanagonga bati, machache, makubwa.

Ndani ya tenga kuku anaanza kutetea. Mama Sanatu ananyoosha mkono, anatoa yai na kumwekea Fuseini kiganjani, lingali na joto.