Nukta Nyekundu ya Mukuju

Etyang wa Mukuju hakusoma, lakini alijua kwamba mwenye penseli humhukumu asiye nayo.

Uhuru ulikuwa bado mchanga ardhi ilipotetemeka asubuhi moja, ukuta wa jikoni ukamwangukia mkewe, Amongin. Akafa. Baadaye akaja bwana mpima mitetemeko, akatandaza ramani kwenye boneti ya Landrova, akatia nukta nyekundu juu ya Mukuju.

"Mtetemeko ulianzia hapa," akasema, akaenda zake.

Hapa wapi? Jirani yake Egau, mdomo usio na mlango, alijua.

"Ni kile kisima chako, Etyang. Umechimba mpaka umeiamsha ardhi. Mkeo umemuua mwenyewe."

Siku ya pombe ya kumuaga Amongin, wazee walikuja, wakakitazama chungu, kisha kila mmoja akachomoa chunguni mrija wake mrefu wa kunywea, akarudi nao kwake. Pombe ikachacha. Na kwa Wateso, marehemu ambaye pombe yake haikunywewa bado hajaagwa.

Maji ya kisima kile, hata hivyo, waliendelea kuyachota. Kiu haiogopi laana.

Mwaka uliofuata Landrova ikarudi. Egau naye akasogea kusikiliza.

"Mzee, tulikosea kidogo," akasema yule bwana. "Mashine iliyousikia mtetemeko ilikuwa moja, tena mbali. Sasa tumelinganisha na mashine nyingine, tunachora upya nyufa za ardhi. Chanzo kimehamia ziwani, huko mbele ya Lumino."

"Kidogo ni wapi na wapi?"

"Maili thelathini hivi."

"Na mke wangu mtamhamishia wapi?"

Bwana akaifuta nukta kwa raba, akakunja ramani.

Etyang akapika pombe nyingine. Wazee hao, mirija mabegani kama mikuki ya vita ambavyo hawakupigana. Egau mbele.

"Ndugu yangu, sisi tulijua tu kisima hakina neno."

"Mlijua. Ndiyo maana mlichota."

Egau akacheka peke yake.

Etyang akamimina maji ya moto chunguni, juu ya ulezi uliochachushwa, kama pombe hiyo inywewavyo. Maji ya kisima.

"Amongin aliwapenda nyinyi," akasema. "Mimi siwapendi. Kunyweni."

Wakainama, wakanywa. Mirija ilipoanza kufyonza hewa, Etyang akaondoka taratibu hadi kaburini, akaketi.

"Wamekuja," akamwambia mkewe. "Wale wale."